Masaa Tisa ya Betri

Betri ya kwanza ilikuwa ya bure, na hiyo bure ndiyo iliyowaponza.

Lindsay, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliichomoa kwenye trekta la kaka yake. Hela alikataa katakata. Hapa Whyalla, Australia, rafiki humlipi. Unampelekea kreti ya bia, mnainywa pamoja, yamekwisha. Glenys akapeleka kreti. Sasa ukishakunywa na mtu, utaanzaje kumwambia betri yake haifai? Vern, mumewe Glenys, alijua toka anaiona kwamba ile ni ya kuwashia injini tu: inatoa nguvu mkupuo mmoja, imechoka. Akanyamaza! Wakaifunga kwenye karavani yao, kile kijumba cha kuvutwa na gari, wakawasha mashine ya oksijeni ya Vern. Masaa mawili, ikazimika.

"Si ungesema!" Glenys alifoka.

"Niseme nini? Jamaa kaibeba mwenyewe, na mgongo wake ule mbovu."

Wiki nzima ikapotea wakisubiri duka liletewe nyingine. Na Vern hakuwa na wiki za kuchezea, jamani. Miaka thelathini ya kuchomelea vyuma ilikuwa imemla mapafu yote. Alitaka kitu kimoja tu: Pasaka hii alale usiku mmoja Ghuba ya Sheoak, kama Pasaka zote arobaini na moja za ndoa yao, ndani ya karavani yao ya mbao ya mwaka sitini na nne. Kule umeme hakuna, na bila mashine Vern haoni asubuhi. Daktari alisema wazi: betri isiyofika masaa tisa, msitoke nyumbani.

Alhamisi duka likapiga simu. Glenys akaenda mbio.

"Ya nini, mama? Boti?" dada wa dukani akauliza.

"Mume."

Dada akacheka, kisha akamtazama usoni, akaacha. Akaibeba mwenyewe mpaka garini, kilo thelathini.

Kuifunga ilikuwa kazi ya Glenys. Vern alikaa kwenye kiti cha kukunja, mpira wa oksijeni ukitokea dirisha la jikoni mpaka puani, akitoa amri kama mfalme.

"Kwa nini isikae ndani, chini ya kitanda?"

"Ikichajiwa inatoa hewa mbaya. Mapafu yangu yameshakula ya kutosha."

Basi ikakaa mbele, juu ya chuma cha kuvutia karavani, kwenye kisanduku alichokichomelea Vern mwenyewe enzi za nguvu zake.

"Waya nyekundu kwanza, bibie. Nyeusi mwisho. Siku ya kutoa, nyeusi kwanza."

"Utatoa wewe."

"Rudia."

"Vern..."

"Rudia, mwanamke mkaidi wewe!"

"Kufunga, nyekundu kwanza. Kutoa, nyeusi kwanza."

"Haya, kaza. Sasa unaibembeleza? Kaza kama unanikaba mimi!"

Glenys akacheka mpaka spana ikamponyoka.

Jumamosi wakaijaribu palepale uani. Saa mbili kamili asubuhi Vern akapanda kitandani kwenye karavani, mashine ikawashwa kwa betri, ikaanza kuvuma. Glenys akaleta chai na mkate wa zabibu.

"Bahari imetulia leo," Vern akasema, macho dirishani.

"Unaona kaa?"

"Naona chupi za Lindsay kwenye kamba."

Akacheka, akakohoa, akafumba macho. Glenys akamshika mkono, akamwacha apumzike.

Saa nane mchana mkono ulikuwa umepoa. Mashine bado inavuma, inasukuma hewa kwenye pua isiyovuta tena. Glenys aliita jina lake mara tatu. Kisha akampigia nesi. Nesi akasema yuko mbali, atafika saa kumi na mbili. Glenys hakuzima kitu.

Lindsay, aliyemsikia akiita, alikuja na kofia mkononi. Akachungulia mlangoni. Alipogeuka, akaiona betri mpya.

"Shemeji," akasema polepole, "ile yangu ilikufa?"

Glenys akamtazama, mzee mzima na mgongo wake mbovu.

"Hapana. Ilikuwa nzuri. Hii tulitaka iwe ya pili."

"Haikuwapotezea siku?"

"Hata moja."

Lindsay akaitikia kwa kichwa. Alijua, au hakujua. Akaketi kwenye kile kiti cha kukunja, na Glenys akakaa ngazini, wakaisikiliza mashine wote wawili. Saa tisa. Saa kumi. Saa kumi na moja, taa ya kijani bado inawaka.

"Imefika," Glenys akasema. "Masaa tisa. Angelala kule."

Akaingia, akamtoa Vern mpira puani, akazima. Ukimya ule! Akachukua spana, akaenda mbele.

"Nipe nikusaidie, shemeji."

"Acha."

Nati ilikuwa imekazwa kwelikweli. Akaisukuma kwa mikono miwili mpaka ikalegea, akainyanyua waya nyeusi kwanza.