Préfet Aliyegawa Lango

Préfet Baharanyi, mkuu wa shule moja ya sekondari ya Keshero, alirudi kutoka semina ya siku tatu kule Mapendo akiwa na daftari jipya na homa ya kugawa. Wakuu wa shule walikuwa wamefundishwa kanuni kumi za uongozi bora. Baharanyi, mtu wa kufuata maandishi neno kwa neno, hakufika hata ya pili. Ya kwanza ilisema kiongozi bora hugawa madaraka, naye akagawa kweli kweli.

Jumatatu alimpa mama Kaswera, katibu wake, muhuri. Jumanne alimkabidhi mwalimu Samy ratiba na nidhamu ya wanafunzi. Kiti chake cha kuzunguka akampa mwalimu wa fizikia, kwa sababu hapakuwa na la maana lililobaki na mwalimu yule alikuwa amenuna. Jumatano akamwita Musafiri, mlinzi wa lango, baba wa watoto sita aliyezoea kuambiwa tu fungua na funga.

"Kuanzia leo, mulango ni wako," akamwambia mbele ya walimu wote. "Hata mimi sina neno juu yake."

Musafiri alilia. Halafu akaenda kununua filimbi.

Shule ikaenda vizuri ajabu, na hilo ndilo lililomuuma préfet wetu. Vipindi vilianza kwa wakati, barua zilijibiwa, wazazi waliondoka wakicheka. Baharanyi alizunguka uani mikono nyuma akiuliza nani anahitaji msaada, wakamjibu kwa adabu kwamba hakuna. Akaogopa. Inspekta alikuwa anakuja Ijumaa. Akikuta shule inakwenda bila préfet, si ataandika kwamba préfet hahitajiki?

Kwa wasiwasi huo, Ijumaa alibadilisha tai mara nne. Alifika saa moja na nusu imeshapita, lango limefungwa.

"Papa Préfet, umechelewa," Musafiri alisema, akifungua mlango mdogo wa pembeni. "Wenye kuchelewa wanabeba mawe makumi mbili."

"Musafiri! Leo inspekta anakuja!"

"Njo maana kiwanja kikuwe safi. Anza na lile la kule."

Hasira zilimpanda mpaka utosini. Lakini neno alilitoa mwenyewe, na sheria ni msumeno. Akavua koti, akajiunga na wanafunzi kumi na mmoja waliokuwa wakiokota mawe meusi ya volkano uani na kuyarundika nyuma ya madarasa.

Alikuwa kwenye jiwe la tisa alipokutana na mzee mnene mwenye suti, jasho likimtiririka, amekumbatia jiwe kama mtoto mchanga.

"Weye unafundisha nini hapa?" mzee akauliza, akihema.

"Mimi ni préfet."

Mzee akaliachia jiwe. "Mimi ni inspekta. Nilichelewa dakika sita tu. Yule mutu akanipigia filimbi!"

Dakika kumi baadaye wote walikuwa ofisini, na inspekta alikuwa amekwisha kuandika ile barua inayowanyima usingizi watumishi wote wa serikali, demande d'explication: mhusika aeleze ndani ya saa arobaini na nane kwa nini asifukuzwe kazi.

"Nani anapokea?" inspekta akauliza.

"Mimi niko na muhuri tu," alisema mama Kaswera.

"Mimi ni nidhamu ya batoto," alisema Samy. "Muzee hayuko mutoto."

Mwalimu wa fizikia alisimama haraka kutoka kwenye kile kiti na kukisukuma mbali naye. Mlangoni, Musafiri alikuwa bado na filimbi mdomoni, na kila alipopumua ililia kidogo.

Baharanyi alimtazama. Angesema tu "ni mlinzi," Musafiri angefukuzwa, na muhuri, kiti na lango vingemrudia siku ileile. Inspekta alikuwa akimsubiri aseme hivyo, kalamu mkononi. Baharanyi aliona aibu kwamba wazo hilo lilimpendeza. Kisha furaha ikamjia bila kutarajiwa, kwa kuwa hatimaye kulikuwa na kitu shuleni ambacho hakuna mwingine aliyekitaka.

"Leta hapa. Ni yangu."

"Lakini yule njo—" inspekta alianza, akimwonyesha Musafiri kwa kalamu.

"Muzee, mulango nilimupatia yeye. Hii sikumupatia mutu."

Akasaini. Mama Kaswera akapiga muhuri mara mbili, macho yamemjaa machozi. Baharanyi akainyoosha tai yake na kumgeukia inspekta.

"Iko ingine?" akauliza.