Hatua Arobaini za Shimo la Nne

Jumapili saa tisa alasiri, Luhaga alikuwa amechuchumaa kwenye malisho ya Mwalimu Stanslaus, kule Ringwani, akichanganya mchanga na oili chafu. Kwenye viwanja vya gofu vya wenye nazo, shimo huzungukwa na majani laini. Hapa ng'ombe wangeyamaliza kwa siku moja, kwa hiyo walimwaga mchanga, wakaulowesha kwa oili iliyotoka gereji ya Shaaban, kisha wakaulainisha kwa kuburuta gunia juu yake. Mpira ulibingirika vizuri tu.

Luhaga alifanya kazi miaka sita kwenye kambi ya watalii upande wa Natta, akiwabebea wageni mifuko ya fimbo za gofu. Kambi ilipofungwa alipewa fimbo saba na ndoo ya mipira, akaja nazo hapa. Shaaban, fundi wa pikipiki, alikuwa wa kwanza kujifunza. Petronila, muuguzi wa zahanati, akafuata. Mwalimu Stanslaus, mkuu wa shule mstaafu, alitoa malisho, na hivyo wakawa wanne, idadi ambayo Luhaga alisema ndiyo inayotakiwa.

Hawakuwa wachezaji wazuri, tusidanganyane. Shaaban alikuwa akipiga hewa mara tatu kabla ya kuupata mpira, na kila mara alisema alikuwa anapima. Mipira ya Petronila iliishia kwenye kichuguu cha shimo la pili kana kwamba imeitwa huko. Mpira ukitua kwenye kinyesi kibichi, kanuni iliruhusu kuuokota, kuufuta na kuusogeza. Petronila ndiye aliyeziandika kanuni zote, nyuma ya daftari la klabu. Lakini labda mara moja kwa mwezi, mmoja wao alipiga pigo la kweli. Mpira ulitoka bila kuuma mikono, ukaenda ulikotumwa, na wote wanne wakasimama wakiutazama kwa furaha ambayo hawakuipata kwingine wiki nzima. Kwa ajili ya pigo hilo walirudi Jumapili iliyofuata.

Walichokosa ni shimo refu. Shimo la nne liliishia kwenye mstari wa katani uliotenganisha malisho na shamba la Scola, mjane anayeitwa Mama Emanueli. Luhaga alipima kwa miguu na kuandika kwa penseli kwenye daftari: shimo la nne, hatua 210, hadi katani. Mwezi wa kumi na mbili Scola alikwenda Bunda kumuuguza dada yake. Aliporudi, katani zilikuwa zimehama hatua arobaini kuelekea nyumba yake, na mihogo yote ya upande ule, aliyoitegemea miezi ya njaa, ilikuwa imeng'olewa. Mwalimu alikuwa amezipanda upya katani zile kwa mstari ulionyooka sana. Bendera ya shimo la nne ikasogezwa mbele. Luhaga alifuta 210 akaandika 250, na wote wanne wakakubaliana kwamba sasa lilikuwa shimo hasa.

Jumapili ya kwanza ya Januari, Mwalimu alipiga mpira kuelekea shimo la kwanza. Ulipanda hadi usawa wa nguzo ya umeme, ukasita kidogo, ukageuka kushoto, ukavuka kichuguu na kutua pale ilipokuwa katani ya kwanza kabla haijang'olewa. Luhaga alikwenda kuuokota. Ulikuwa na mizizi myeupe, kama ya kitunguu.

"Umeshika," alisema.

"Uache, mura," alisema Mwalimu. "Nipe mwingine."

Mwingine nao ulitua hatua moja kando ya ule wa kwanza. Ikawa hivyo kila Jumapili, hata Mwalimu alipopiga akiwa ameugeuzia mgongo upande ule. Kufikia mwisho wa Februari mipira ishirini na sita ilikuwa imeshika ardhini, na mtu akiitazama kutoka mwisho mmoja angedhani fundi ujenzi amevuta kamba. Kikao kiliitishwa, kwa sababu ndoo ilikuwa inakaribia kuisha. Shaaban alipendekeza Mwalimu apewe ndimu mbichi azipige badala ya mipira. Pendekezo likapita. Ndimu zikaenda kulekule, na mvua za Machi zilipoanza zikachipua.

Scola alikuja wiki ileile, akitembea kando ya mipira na jembe begani. Alimkuta Luhaga peke yake kwenye mchanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Alhamisi nina kesi baraza. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Uje na lile daftari. Siku ile ulipohesabu hatua hadi kwenye katani zangu, ulikuja ukaniomba maji. Mimi nakumbuka. Na wewe unakumbuka."

"Nakumbuka, mama."

"Basi ukaseme hivyo tu. Sitaki kingine."

Siku mbili baadaye Mwalimu alipita gereji, akawakuta wote watatu. Hakumtisha mtu. Alisema anafikiri kuwafungia ndama wake mle malishoni, maana majani yamekuwa mazuri, ila kwa kuwa ni uwanja wa marafiki ameona asubiri kwanza. Kisha akauliza kama Jumapili wataanza saa tisa au saa kumi. Luhaga aliona aibu, aibu hasa.

Kwenye baraza, mashahidi watatu walieleza habari za mipira bila kuficha kitu: inavyopanda, inavyogeuka, inapotua, urefu wa mizizi. Wazee walisikiliza na karani akaandika. Mmoja aliuliza kama inahitaji mbolea. Petronila alijibu kwamba hawajajaribu.

"Sawa," alisema mwenyekiti. "Mpira sio shahidi. Katani zilikuwa wapi mwaka jana?"

Shaaban alisema yeye akicheza hutazama bendera tu. Petronila alisema mwaka jana alikuwa na zamu nyingi zahanati. Luhaga alifungua daftari na kusoma kama lilivyoandikwa: shimo la nne, hatua mia mbili na hamsini, hadi katani. Chini ya hamsini ile, kumi iliyofutwa ilikuwa bado inaonekana, kama mtu angeinua karatasi kwenye mwanga. Hakuna aliyemwambia ainue, naye hakuinua. Scola alimtazama mpaka alipoketi. Shauri likafungwa kwa kukosa ushahidi.

Jumapili walianza saa tisa. Kwenye shimo la nne Luhaga alisimama, akavuta pumzi, akapiga, na mikono yake ikajua kabla ya macho. Lilikuwa pigo zuri kuliko yote aliyowahi kupiga au kuona likipigwa, hata kule kambini. Shaaban alisema, "Lo!" Mpira ulipanda moja kwa moja juu ya bendera, ukasita, ukageuka, ukashuka taratibu kati ya miche miwili ya ndimu. Shaaban akapiga, wake ukatua hapohapo kando. Wa Petronila pia.

Kisha Petronila alichukua daftari, akaketi juu ya ndoo, akaandika kanuni mpya: mpira wowote ukitua kwenye mpaka wa zamani wa Mama Emanueli, mchezaji atausogeza hatua arobaini mbele, bila adhabu. Akaisoma kwa sauti. Mwalimu alisema imekaa vizuri. Wakatia saini wote wanne, na tarehe.

Luhaga aliweka mpira mwingine hatua arobaini mbele, karibu na bendera. Ng'ambo ya katani Scola alikuwa akilima kipande alichobakiwa nacho, na jembe lilikuwa likigonga mawe.

"Mama Emanueli," Petronila aliita kwa adabu. "Samahani, subiri kidogo. Kuna mtu anapiga."

Scola alilishusha jembe, akasubiri.