Tawi la Kitinda

Tunda lilikuwa limeshafika mkononi mwa mama kabla Fundi Mdogo hajavua viatu. Alisimama kizingitini, begi begani, tope la kitaluni bado limeganda kwenye soli, akamwona mama ameketi karibu na dirisha akiligeuzageuza tunda lile kwa vidole, polepole, kama mtu anayetafuta mshono kwenye nguo. Mama alikuwa haoni. Macho yake yaliingia ukungu mwaka hadi mwaka mpaka akabakiwa na mwanga na vivuli. Lakini vidole vyake havikuwa na ukungu wowote.

"Umepitwa na raha, Fundi!" alisema jirani mshona nguo, aliyesimama kando ya mama huku amejaa tabasamu. "Nilikuja kuazima ngazi yenu. Kutupa jicho mtini, nikaliona limejibanza nyuma ya majani, njano hiyo! Nikasema hili halinipiti. Nimemchumia mama chenza la Kitinda, la kwanza tangu tawi lipone."

"Ahsante," alisema Fundi Mdogo. Sauti ilimtoka nyembamba, akakohoa kuifunika.

"Ahsante ya mdomo tu? Nikija kurudisha ngazi mniwekee kipande."

Jirani akatoka na ngazi, akiigonga huku na huku ukutani. Mama alilinusa tunda, akaliweka mapajani, akalifunika kwa viganja vyote viwili.

Mti wenyewe ulikuwa ajabu ya mtaa. Shina lake lilikuwa la mlimau wa porini, nene na lenye miiba, lakini juu ya shina hilo moja kulikuwa na tawi la machungwa, tawi la mabalungi na tawi la machenza, kila moja likizaa kwa wakati wake na kwa rangi yake. Wapita njia walikuwa wakisimama ukingoni mwa ua kuutazama. Wengine walibisha hodi kabisa, wakaomba kuushika, maana hawakuamini kwamba matunda yale hayakufungwa kwa uzi. Jirani alikuwa na utani wake wa siku zote, kwamba nyumba hii haikupanda mti, ilipanda soko.

Aliyeufanya hivyo alikuwa baba, aliyefanya kazi ya kupandikiza miche kitaluni mpaka mauti yalipomfika. Watu walimwita Fundi. Alipooa alipandikiza chungwa, tawi la mke wake. Alipozaliwa binti, akapandikiza balungi, kwa kuwa, alisema, mtoto mwenyewe amekuja na kichwa cha balungi. Alipozaliwa mvulana wa mwisho, Kitinda, akapandikiza chenza. Yeye mwenyewe hakujiwekea tawi. Akiulizwa alicheka, akasema yeye ni shina, na shina haliulizwi linazaa nini. Binti alirithi kisu chake, kazi yake na jina lake, lililoongezwa "Mdogo" nyuma.

Kitinda hakutaka visu wala miche. Alikwenda mbali, nchi ya watu, kuchimba madini. Mwanzoni alipiga simu kila wiki, akicheka na kuulizia mti. Kisha simu zikawa za kubahatisha, kisha zikakatika. Hapo ndipo mama alipoanza desturi yake. Kila asubuhi alitoka akipapasa ukuta, akaenda kusimama chini ya mti, mkono mmoja kwenye shina, akamuuliza binti yake, "Lina majani?"

"Lina majani, mama."

"Basi yupo."

Tawi la Kitinda lilikuwa juu, hata mtu mrefu asingelifikia bila ngazi. Mama aliliona kwa macho ya binti yake tu.

Siku ilipokuja simu ya mtu asiyemjua, Fundi Mdogo alikuwa kitaluni, amepiga magoti, anapanga miche. Mtu yule alizungumza kwa upole mwingi. Alisema mgodi uliporomoka, na waliokuwa chini hawakutoka salama hata mmoja. Walizikwa huko huko, pamoja. Alikuwa ametafuta namba hii kwa muda mrefu. Fundi Mdogo alimshukuru, akakata simu, akaendelea kupanga miche mpaka mikono ilipokataa.

Alikusudia kusema jioni ileile. Alirudi na maneno ameyapanga kabisa kichwani, lakini mama alimtangulia. "Asubuhi umeondoka haraka, hukuniambia. Lina majani?" Na yeye, mtu mzima, akajibu, "Lina majani, mama."

Uongo ungeishia hapo kama mti ungekubali kuubeba. Msimu uleule tawi la Kitinda lilishikwa na ugonjwa, likaanza kukauka kutoka nchani. Majani makavu yakawa yanamdondokea mama mabegani. Fundi Mdogo akamwambia limepata ugonjwa kidogo, atalitibu. Kisha akaenda kitaluni kutafuta kijiti cha chenza cha kupandikiza upya.

Kwa kawaida, kijiti cha kupandikiza kikishakatwa hupukutishwa majani palepale, kisipoteze maji, kisha hufungwa na wenzake kwenye kitambaa kibichi. Kikiwa uchi hivyo, hata fundi hukitazama mara mbili. Juu ya meza ya kazi kulikuwa na mafungu mawili ya vijiti. Siku ile macho yake yalikuwa yamejaa machozi yaliyokataa kukauka tangu asubuhi, naye hakutaka wenzake wamwone. Akachukua fungu moja, akatia begini, akaondoka.

Kijiti kilishika vizuri. Mama alipoambiwa kwamba tawi limechipua, alipiga makofi kama mtoto. Lakini majani yalipokunjuka, Fundi Mdogo alipanda ngazi kuyakagua, akaona kwenye kikonyo cha kila jani ubawa mpana, kama jani dogo lililobeba jani kubwa. Chenza halina ubawa kama ule. Lile lilikuwa danzi, chungwa chungu la maganda mazito lisiloliwa na mtu pale nyumbani. Alikaa juu ya ngazi akatamani kupiga kelele. Angelikata aanze upya, tawi lingekuwa tupu, na mama angeuliza. Akaliacha. Badala yake, kila msimu wa maua, alidamka alfajiri akapanda ngazi, akachuma maua ya tawi lile moja baada ya jingine, akayatia mfukoni.

Moja lilimponyoka. Sasa lilikuwa mapajani mwa mama.

"Mama, hilo halijaiva," alisema, akipiga hatua mbele. "Lete nikuwekee kabatini."

"Jirani kasema ni la njano."

Mama akalitia ukucha. Chenza humenyeka lenyewe, ganda likatoka kama koti. Hili lilishikilia. Mama alichimba, akabandua vipande vidogovidogo, na harufu kali ikajaa chumbani. Hakuharakisha. Alipofika ndani alitoa kipande kimoja, akakitia mdomoni. Fundi Mdogo aliona taya likisimama, kisha likaendelea kutafuna.

"Danzi," alisema mama.

Fundi Mdogo alishusha begi sakafuni.

"Baba yako angekucheka. Fundi mzima unachanganya vijiti."

"Nilichanganya, mama."

"Tawi la Kitinda lilikufa lini?"

"Mama, mimi…"

"Nimeishi na mpandikizaji tangu usichana wangu. Siku ile uko juu ya ngazi nilisikia utepe wa kufungia kijiti unavutwa. Ugonjwa wa mti hautibiwi kwa utepe, mwanangu."

"Kumbe ulijua."

"La tawi nilijua. La mwenye tawi nilikataa kulijua. Nikajiambia, huyu hawezi kunidanganya bure. Nikasema nitangoja tunda. Likija chenza, nitaamini yupo, nitanyamaza mpaka nife." Akatoa mbegu mdomoni, akaishika kwenye kiganja. "Kisha nikawa nakusikia alfajiri unachuma maua. Kila siku nikasema, labda kesho ataacha moja."

Fundi Mdogo alishika ukingo wa meza. Neno lile hakuwahi kulitamka kwa sauti, hata akiwa peke yake.

"Amekufa, mama. Mgodi uliwaporomokea. Walizikwa huko huko."

Mama aliinamisha kichwa. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo lilimuumiza Fundi Mdogo kuliko kilio.

"Peke yake?"

"Hapana. Pamoja na wenzake. Walikuwa wengi."

"Afadhali. Hakuwa anapenda kulala peke yake."

Nje, cherehani ya jirani ilianza kunguruma, ikasita, ikanguruma tena.

"Na wewe," alisema mama, "ulilia wapi?"

Swali hilo Fundi Mdogo hakulitarajia. Miaka yote hii alikuwa amejiandaa kwa lawama.

"Kitaluni," alisema. "Nyuma ya pipa la maji."

Mama aliligawa danzi katikati. Akanyoosha mkono wenye nusu moja, upande ambao hakukuwa na mtu, akauacha hapo ukingoja. Fundi Mdogo alizunguka meza, akaketi sakafuni miguuni pake na viatu vyake vya tope, akaipokea nusu ile.

"Kula," alisema mama. "Usiniachie peke yangu."

Akala. Lilikuwa chungu mpaka masikioni. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke, akatia kipande kingine. Juu yake alimsikia mama akitafuna, akisita, akitafuna tena.

Mlango wa uani ukagongwa na ngazi, sauti ya jirani ikaingia kabla yake.

"Haya, vipi? Chenza tamu? Kipande changu kiko wapi?"

"Tumelimaliza," mama akamjibu, huku mkono wake ukiutafuta uso wa binti yake. "Tumelimaliza lote."