Uzito wa Baba

Kikombe cha Baba kilikuwa kimejaa vilevile nilivyokiacha asubuhi. Midomo yake ilikuwa imekauka hadi kupasuka.

"Baba, mbona hujanywa?"

"Sina kiu, mwanangu."

Eti hana kiu! Nilimwelewa mara moja. Mkwe wangu alikuwa amegoma kunywa maji ili asihitaji kubebwa kwenda chooni.

Tangu kiharusi kilipompooza upande wa kushoto, aliyembeba ni mwanawe, mume wangu, ambaye mtaa mzima humwita Winchi kwa jinsi anavyoshusha makabati kwenye malori. Mimi nilikatazwa. "Mke wa mwanangu hanibebi," Baba alisema, na neno lake halina rufani. Winchi naye alimfanyia kila kitu, hata kujigeuza hakumwachia. Nikisema mwache ajaribu, naambiwa nina roho ngumu.

Siku chache kabla ya mgomo huo, Baba aliteleza akitolewa kitandani. Winchi alimdaka kwa mkono wa kulia ulionyooka, uzito wote ukaning'inia hapo. Nikasikia kitu kikichanika kama shuka kuukuu. Nikadhani ni shati. Hakumwachia. Alimlaza taratibu, ndipo yeye akaketi sakafuni, jasho likimtiririka.

Kesho yake weusi wa damu iliyovilia ulikuwa umetanda kutoka kifuani hadi mkononi, na ule ukingo mnene wa nyama mbele ya kwapa ulikuwa umetoweka. "Nimeteguka tu," akasema, akajipaka dawa ya kuchua. Wanaume hawa!

Nilimburura hadi hospitalini. Daktari alimwekea kiganja akamtaka akisukume, mkono ukalegea. Akampiga picha ya kifua, akatueleza kwamba msuli wa kifua hushikwa kwenye mfupa wa mkono na kano, mfano wa kamba nene.

"Kano lako limeng'oka. Kuchua hakutalirudisha. Tulishone mapema, kabla msuli haujajikunja huko ndani. Kisha miezi kadhaa usinyanyue kitu."

"Na baba yangu?"

"Nakuzungumzia wewe, ndugu."

Winchi akakataa kushonwa, akaendelea kumbeba Baba. Basi, mmoja hataki kisu, mwingine hataki maji, na mimi katikati nawatazama wakiniishia. Siku ile nilikichukua kile kikombe kilichojaa, nikakitua mbele ya mume wangu kwa kishindo.

"Baba yako anajikausha ili usimnyanyue. Ukiendelea na ubishi wako, utamzika."

Alikitazama kikombe. "Nani atambeba?" aliuliza.

"Sijui," nilisema, na kweli sikujua. Nililia kwa hasira.

Alikwenda kushonwa. Jirani yetu, fundi bomba, akawa anakuja kumnyanyua Baba, naye Baba akawa anakunywa kwa kuonja tu, kama dawa chungu.

Winchi aliporudi, mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa, niliwalaza chumba kimoja. Mtaalamu wa mazoezi alikuja kumfundisha kuamka bila kuuvuta mkono ule: ajigeuze ubavu wa pili, ateremshe miguu, kisha ajisukume kwa kiwiko kizima. Mbeba makabati alitapatapa kama mende aliyelala chali. Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikakimbilia kumsaidia.

"Niache," alisema, akihema. "Niache nijaribu."

Kutoka kitanda cha pili, Baba alikuwa akitazama bila kupepesa.

Asubuhi moja nilisikia kitanda kikilia, nikaingia nikidhani ni mume wangu. Winchi alikuwa amelala, macho wazi, mkono mzima umekamata shuka kwa nguvu zote. Ng'ambo ya chumba, Baba alikuwa amejigeuza ubavu wa kulia. Mguu wake mzima ulikuwa umeuzoa ule uliopooza, ukauteremsha. Kiwiko kilikuwa kikitetemeka.

Nikapiga hatua.

"Mwache," Winchi alininong'oneza. Machozi yalikuwa yakimtoka, na shuka hakuiachia.

Baba aliyumba, akashika ukingo wa kitanda, akakaa. Alihema kwa muda, kisha akanitazama.

"Mwanangu, maji."

Alikunywa yote, akaninyooshea kikombe.

"Ongeza."