Pumzi ya Zamu

Usingizi unamchukua Nekesa mchana kweupe, kwenye kiti kando ya kitanda cha hospitali, klarineti mapajani, akisikiliza mapafu ya kaka yake Wafula yakikoroma. Kesho bendi yao inapiga ule wimbo wa Kiairishi aliouacha padri wa misheni, mwalimu wao akauandikia bendi nzima, akifuata shairi la mama anayemwita mwanawe aliyepotelea milimani. Ndani yake kuna noti moja ndefu isiyoruhusiwa kukatika. Kaka na dada huigawana: mmoja akivuta hewa, mwenzake anapuliza, na hawavuti pamoja hata siku moja.

Anafumbua macho barabarani. Barabara inapanda milima ya kijani asiyoijua, inazunguka, inamrudisha ilipoanzia, na kila nyumba ina kuta za shaba iliyosuguliwa, na katika kila ukuta yupo Nekesa mwingine anayechelewa kidogo kumwiga. Anaogopa, lakini noti ile inasikika mbele, naye anaifuata. Bendi inakuja, sare zimenyooka kwa pasi, chini ya kofia hamna nyuso. Wafula peke yake ana uso. Anapuliza, mashavu yamevimba, kisha anaondoa klarineti mdomoni kidogo tu. Dada, nipokee, nimechoka. Mpiga ngoma asiye na uso anamgeukia Nekesa. Ukimpokea, utapuliza mpaka lini? Mpaka apone, anajibu. Wimbo haujui kupona, mama, unajua zamu tu. Sasa nitafanyaje, nimwache? Ngoma inaendelea kulia. Nekesa anapuliza, na Wafula anapumua, rangi inamrudia usoni, na barabara inazunguka tena, na milima ileile, na kuta zilezile, mpaka kifua chake Nekesa kinawaka moto. Hawezi tena. Anavuta hewa, na papo hapo anamsikia Wafula naye akivuta. Noti inakatika. Katika kuta za shaba hamna mtu.

Anashtuka. Jua limejaa dirishani, Wafula amelala, kifua kimetulia tuli. Nekesa anaachia pumzi aliyokuwa ameibana, na kifua cha kaka yake kinapanda. Anavuta, kinashuka. Anajaribu tena, na tena.

Nesi anaingia, barakoa imemfunika uso. Dada, nenda ukalale kidogo, umechoka mno.

Nekesa anavuta hewa. Akisema neno moja atapoteza zamu.