Wimbo wa Nyumba ya Unyago

Bakari alisugua tarumbeta lake kwa ndimu na majivu mpaka shaba ikaonyesha uso wake, kisha akaligeuza upande wa pili. Uani, mama yake, Bi Zuwena, alikuwa akikaanga vitumbua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Basi. Wiki nzima hawakuzidisha hapo. Mafuta ya kula yalikuwa yamepanda tena, lakini wateja hawakukimbia bei. Wanawake wa mtaa walipita mlangoni kwake wakaenda kununua kwa Bi Mastura, ambaye naye alipandisha.

Bi Zuwena alikuwa kungwi. Mabinti wengi wa Kilwa Masoko walichezwa unyago mikononi mwake, na wimbo wa kuwatolea ndani haukuimbwa mbele ya mwanamume, hata mume, hata mtoto wa kiume. Lakini Bakari aliusikia akiwa mdogo. Alitega sikio kwenye ukuta wa udongo, akaondoka nao moyoni, na miaka yote akaunyamazia.

Kisha akaja Mwalimu Bonaventura kutoka Dar, na muziki mkubwa wa bendi wa kusherehekea historia ya taifa. Ulianza na majumba ya mawe ya Kisiwani, ukapita vita vya Maji Maji, ukafika Uhuru, na kila sehemu ya nchi ilikuwa na sauti yake ndani.

"Kusini mnanipa nini?" aliwauliza wapigaji. "Nataka kitu cha asili, ambacho redio haijawahi kukipiga. Atakayekileta atakipiga peke yake, na jina lake litapelekwa bendi ya mkoa."

Bakari alikuwa mbeba magunia ya ufuta, na Jumamosi alipiga tarumbeta kwenye harusi. Msimu wa ufuta ulikuwa unaisha. Akaupiga ule wimbo kwa mluzi.

"Mzuri sana. Wa nani huu?"

"Wa mama," alisema Bakari.

Walipoanza mazoezi uwanjani, watoto wakaudaka. Siku chache baadaye wavulana waliupiga mluzi kisimani, mbele ya wanawake walioshika ndoo.

Leo ndiyo siku yenyewe. Uwanjani Bakari alimfuata Bwana Ibrahimu, afisa utamaduni, aliyekuwa akihesabu viti.

"Mzee, naomba ile sehemu yangu iondolewe. Ni wimbo wa ndani, wa wanawake. Mama anaaibika."

"Anaaibika? Nimemwekea kiti cha mbele. Ratiba imeshapelekwa kwa mgeni rasmi, kijana. Unataka mkoa waseme Kilwa haina utamaduni?"

"Hawezi kukaa mbele."

"Mtendaji wa mtaa ameshaongea naye. Anauza barabarani yule, si ndiyo? Basi atakuja."

Dominick, mpiga tromboni, alimvuta pembeni. "Oya, mwanangu, tulia. Maneno si hayamo? Tunapiga sauti tu. Nani atajua?"

"Wanaojua watajua."

"Wangapi hao? Wewe kesho uko mkoani."

Mgeni rasmi alichelewa. Jua lilipanda, maji ya kunywa yakaishia jukwaani kwa wakubwa. Adhana ya adhuhuri ilipoadhiniwa, Bakari alitandika koti lake la bendi nyuma ya jenereta akasali. Hakuomba wimbo usahaulike. Mwenyezi Mungu alimsitiri miaka yote hiyo, na yeye mwenyewe ndiye aliyejivua nguo. Aliomba ulimi tu.

Muziki ulipofika sehemu ya Kusini, ngoma zilishuka na Mwalimu Bonaventura akamwonyesha kidole. Bakari alishusha tarumbeta. Kisha Dominick akainua tromboni akaupiga wimbo wote, bila kukosea. Wimbo haukumhitaji Bakari tena.

Nyuma ya kamba, kwenye jua, wanawake wa mtaa waliinamisha vichwa. Wengine walijifunika kanga mpaka machoni.

Watu wa jukwaani walipiga makofi. Bwana Ibrahimu akashika kipaza sauti. "Tumshukuru aliyetupa hazina hii, kungwi wetu, Bi Zuwena. Mama, simama wakuone."

Bi Zuwena alisimama. Alishika ukingo wa kiti, macho chini, makofi yakimwangukia.

Bakari akatoka kwenye mstari. "Hakutoa yeye," alisema. "Niliuiba mimi. Nilitega sikio ukutani."

Bwana Ibrahimu alitabasamu kwa wageni, akawapungia mkono wapiga ngoma. Ngoma zikalia. Ukimtoa mama yake, waliosikia ni wa viti vya mbele, watu wasiojua kilichoibwa.

Bakari aliweka tarumbeta kwenye nyasi, akakata uwanja mbele ya mgeni rasmi. Askari mgambo alimpigia filimbi. Hakugeuka. Alifika kwenye kamba, akapiga magoti mbele ya Bi Mastura.

"Shikamoo, mama. Msimnunie mama yangu. Hajamfundisha mwanamume yeyote. Ni mimi, nilijificha."

Bi Mastura alimtazama Bi Zuwena aliyekuwa bado amesimama kule mbele, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae.

"Marahaba," alisema hatimaye. "Yeye tutamfuata wenyewe, tumtake radhi."

"Asante, mama."

"Usinishukuru."

Nyuma yao bendi ilikuwa imeombwa irudie, na tromboni ikaanza upya. Karibu na kamba, watoto waliifuatisha kwa mluzi.

"Mabinti tunawaingiza ndani mwezi ujao," alisema Bi Mastura. "Hebu niambie wewe, mwanangu. Tuwaimbie nini?"