Mwanafunzi wa Mashine ya Pili

Dafrosa alikuwa ameendesha mashine ya kukoboa mpunga pale Majimoto kwa miaka kumi na tatu, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha. Alianza kazi akifagia pumba. Fundi aliyekuwepo wakati huo alikuwa mchoyo wa ujuzi wake. Kila alipotaka kukaza au kulegeza rola zinazomenya mpunga, aligeuza mgongo ili isionekane mikono yake inafanya nini. Dafrosa hakuweza kuona, basi akasikiliza. Ufagio mkononi, sikio kwenye mashine, mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita. Akajua mpunga mbichi unavyofanya mlio uwe mzito, rola zilizobana sana zinavyoufanya uwe mkali, na mkanda uliochoka unavyopiga. Fundi yule alipohamia Sumbawanga ghafla katikati ya msimu, mwenye mashine alihangaika siku mbili akitafuta mtu, kumbe mtu alikuwa hapo hapo na ufagio wake.

Kwa hiyo mwezi wa sita, msimamizi wao Respicius alipomwita na kumwambia kwamba mashine ya pili imeshasimikwa, na kwamba yeye ndiye atakayemfundisha mtu wa kuiendesha, Dafrosa hakufurahi. Alisema kazi ile haifundishwi, mtu anaikuta mwenyewe. Respicius akamjibu kwamba hawana miaka sita ya kusubiri. Mtu ameshapatikana, Mabula wa ghalani, mtulivu, hanywi. Apewe mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Akishindwa, atarudi kubeba magunia.

Mabula alikuwa na miaka thelathini na minne, mrefu, wa familia ya Kisukuma iliyoingia huku Mpimbwe na ng'ombe zake wakati yeye angali anabebwa mgongoni. Alifika siku ya kwanza kabla ya Dafrosa, akiwa ameshafagia na kupanga magunia ya wateja kwa zamu zao. Dafrosa aliliona hilo lakini hakulisema. Alimsimamisha kando ya mashine, akawasha, akampigia kelele sikioni kwamba kazi yote ni moja tu, kusikiliza. Mabula akaitikia kwa kichwa.

Ikawa hivyo wiki nzima. Dafrosa akilegeza rola anamwambia, umesikia? Mabula anaitikia. Akikaza tena, umesikia tofauti? Mabula anaitikia. Hakuwa na swali hata moja, na Dafrosa, ambaye hakuwahi kuwa na mwalimu wa kumuuliza swali, aliona huo ni uelewa. Wiki ya tatu akamwachia mashine ya pili peke yake.

Siku hiyo alikuja mama mmoja wa makamo aitwaye Pudensiana, na magunia manane ya mpunga wake mzuri, ule mrefu unaonukia. Alitaka mchele wa kupeleka Mpanda kwenye harusi ya binti yake. Mabula akamimina, akakoboa. Gunia la tatu lilipotoka, Pudensiana alichota kiganja kimoja, akakitazama, akakaa chini. Zilikuwa chenga tupu, vipande vipande kama vya kulishia vifaranga. Dafrosa alikuja mbio na kuzima mashine. Rola zilikuwa zimebana kupita kiasi, na mlio wake, kwa mtu yeyote mwenye masikio, ulikuwa wa kutisha.

Alimsema Mabula mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni. Alimuuliza kama alikuwa amelala. Alisema hata mbuzi angesikia. Watu wengine walicheka. Mabula alisimama mikono ikining'inia, na jioni aliondoka bila kuaga. Kesho yake hakuja, na keshokutwa hakuja.

Mwanzoni Dafrosa alijiambia afadhali. Lakini siku ya pili, Scolastica, aliyekuwa akipepeta na kuchagua mchele pale mlangoni, alimwambia jambo lililomkosesha raha. Alisema yeye huwa anamsalimia Mabula kila asubuhi. Akimsalimia kwa upande wa kulia, anajibu. Akimsalimia kwa upande wa kushoto, anapita kama hajaona mtu. Alidhani ni maringo, mpaka siku moja sinia lilipoanguka nyuma yake na watu wote wakashtuka isipokuwa yeye.

Jumapili baada ya misa Dafrosa alichukua bodaboda mpaka kwa Mabula. Mkewe, Nyanzala, alimpokea kwa heshima, akamwekea kigoda na kumletea maziwa mgando. Mabula alikuwa akitengeneza uzio wa zizi. Alipomwona mgeni, alikuja akainama na kumwamkia, kisha akakaa upande ambao sikio lake la kulia lilimwelekea. Dafrosa sasa aliliona hilo, na akajiuliza ni mara ngapi lilikuwa mbele ya macho yake.

Alimuuliza moja kwa moja. Mabula akaeleza. Aliugua surua akiwa na miaka saba, na tangu hapo sikio la kushoto halisikii kitu. La kulia linasikia mtu akizungumza mahali palipotulia kama hapo nyumbani. Lakini mashineni, mashine zote mbili zikiwaka, anachosikia ni ngurumo moja tu isiyobadilika, asubuhi mpaka jioni.

"Kwa nini hukuniambia siku ya kwanza?" Dafrosa aliuliza.

"Ningekuambia, mama, ungenipokea?"

Dafrosa alishika kikombe cha maziwa bila kunywa. Angeweza kusema ndiyo, na Mabula angemwitikia kwa kichwa kama alivyozoea. Lakini jibu la kweli lilikuwa hapana, na wote wawili walilijua.

"Nisingekupokea," alisema. "Na ningekosea. Nimekuaibisha mbele za watu kwa kitu nilichokuwa sijakuuliza. Kesho njoo kazini, lakini njoo mapema, kabla ya wateja. Sijui nitakufundishaje. Tutatafuta."

Usiku huo hakulala vizuri. Kila kitu alichojua kuhusu mashine kilikuwa kimeingilia masikioni, na hakuwahi kufikiri kama kuna mlango mwingine. Asubuhi alitoka na gunia la mpunga wake mwenyewe na pamba kutoka dukani. Mabula alimkuta ameziba masikio yake yote mawili, amefunga kitambaa kichwani mpaka chini ya kidevu, anahangaika na mashine kama mtu aliyeiona leo. Aliharibu nusu gunia. Mabula alitazama chenga zile, akamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kazi pamoja alicheka, na Dafrosa akacheka pia.

Ndipo walipoanza kusoma wote wawili. Dafrosa aligundua kwamba rola zikibana, mchele unatoka na joto. Ukiushika kiganjani unausikia ngozini kabla hujauona. Aligundua harufu ya mpira wa rola unaoungua, ambayo miaka yote alikuwa akiinusa bila kuisikiliza. Mabula naye akaweka kiganja kwenye ubavu wa mashine na kukiacha hapo muda mrefu, macho ameyafumba. Alisema ng'ombe anayeumwa humshiki pembe, unamwekea mkono kwenye mbavu, na mkono unakuambia anapumuaje. Mashine hii nayo inapumua. Akamwomba Dafrosa akaze rola kidogo, halafu azidishe, halafu alegeze, na kila mara Mabula alisema, bila kutazama, Dafrosa amefanya nini. Alikosea mara mbili tu.

Wiki tatu walifika alfajiri kila siku. Dafrosa aliacha kusema umesikia, akawa anauliza, umeona nini, na kusubiri jibu. Kusubiri ndiko kulikomshinda zaidi. Mikono yake ilizoea kukimbilia mahali penye kosa na kulirekebisha kabla hata mdomo haujafunguka. Akaizoeza kukaa ndani ya mifuko ya aproni. Mabula, kwa upande wake, aliacha kuitikia kila kitu. Asipoelewa alitikisa kichwa, na mara nyingine alibisha.

Katikati ya mwezi wa nane, siku yenye foleni ndefu kuliko zote, Mabula alizima mashine ya pili. Alisema inatetemeka vibaya upande wa nyuma. Dafrosa alisikiliza kabla haijazimika kabisa, na masikio yake yalimwambia iko salama. Walifungua, wakakagua mkanda, nati na rola, na hawakuona kitu. Wateja walianza kunung'unika. Mzee mmoja akauliza kwa sauti kama wamekuja kukoboa au kuangalia watu wakicheza na spana. Mabula alikuwa amejikunyata, akisubiri kusemwa.

Dafrosa alisogea upande wake wa kulia. "Umefanya sawa kuzima," alimwambia, na alisema kwa sauti ya kutosha hata foleni isikie. "Ukihisi tena, zima tena. Usiniulize."

Alihisi tena baada ya siku nne, na akazima bila kuuliza. Dafrosa hakuwa amesikia lolote. Safari hii walifungua mpaka ndani, na beringi ya nyuma ilikuwa imekwisha, imepasuka. Ingeachwa iendelee nusu saa tu, ingekatika na kurusha mkanda, na mtu aliyekuwa akisimama pale kumimina mpunga angeumia. Wateja walisogea kuitazama. Mzee yule wa spana hakuwepo, ila waliokuwepo walimpa Mabula mkono mmoja mmoja.

Hapo Scolastica akasema kwamba hata yeye alishaisikia ikilia tangu asubuhi, mlio mwembamba kama wa panya, ila alinyamaza kwa sababu alijua Dafrosa lazima ameusikia kabla yake.

Dafrosa aliiweka beringi mfukoni mwa aproni. Alikwenda nyuma ya ghala, akasimama kidogo peke yake.

Mwisho wa mwezi Respicius aliwaita wote wawili. Mabula alizungumza mwenyewe, akaeleza habari ya sikio lake bila kuficha. Dafrosa alisema maneno machache tu: kwamba mashine ya pili ni ya Mabula, na ikipewa mtu mwingine yeye hatashughulika nayo. Respicius aliuliza kama kuna hatari yoyote. Dafrosa akaiweka ile beringi iliyopasuka juu ya meza, na mazungumzo yakaishia hapo. Respicius alishauri tu kwamba Mabula akapimwe sikio la kulia mjini Mpanda, lisije likaharibika zaidi, na fedha za mashine zingelipia nauli.

"Nitamsindikiza," alisema Dafrosa.

Walisafiri Jumanne. Hospitalini, mhudumu alimvalisha Mabula vifaa vya masikioni na kumwambia anyooshe kidole kila asikiapo mlio. Sikio lake halikuwa limeshuka sana, ila lilihitaji kukingwa. Alipomaliza, Dafrosa aliomba naye apimwe. Alikaa kwenye kiti, akanyoosha kidole, akanyoosha tena, kisha pakawa kimya kirefu akingoja mlio mwingine. Alipogeuka, aliona mhudumu bado anabonyeza.

Daktari alimweleza taratibu. Milio mizito anaisikia vizuri. Ile myembamba imeshaondoka, na kwa mtu aliyekaa kwenye kelele miaka yote hiyo hairudi. Iliyobaki inaweza kulindwa, kwa vikinga masikio, kila siku, bila kuruka.

Kwenye basi la kurudi alitazama dirishani mpaka walipovuka Kibaoni. Kisha akamwinamia Mabula kwenye sikio la kulia, akamwambia kwamba hajui ataendeshaje mashine huku masikio ameyaziba. Mabula alimuuliza alisikia nini siku ile ya pamba, alipoziba masikio kwa makusudi. Dafrosa akafikiri. Alisema joto la mchele, harufu ya mpira, na kitu fulani kwenye nyayo, kama sakafu ilikuwa ikizungumza.

"Basi umeshaanza," Mabula alisema. "Hiyo ya nyayo mimi sijawahi kuijua. Kesho utanionyesha unasimama wapi."

Kesho yake walifika alfajiri, wote wawili wamevaa vikinga vipya vya rangi ya chungwa. Dafrosa alivua kandambili, akasimama pekupeku kwenye saruji, hatua mbili kutoka kwenye mota, akamwashiria Mabula naye avue. Scolastica aliyekuwa akifungua milango aliwakuta hivyo, wamesimama bega kwa bega bila viatu, macho chini, mashine ikiunguruma. Mabula akanyoosha kidole kuelekea rola. Dafrosa akafikiri kidogo, akatikisa kichwa kukataa, akanyoosha cha kwake kuelekea mkanda. Wakazima, wakaenda kutazama ni nani aliyepatia.